Daraja la Kukunja na Kitanda cha Mgeni

Jumatano, 6 Mei

Dada amepiga simu. Anakuja! Ijumaa ya wiki ijayo, kwa meli ya mchana. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeingiwa na ganzi.

Miaka kumi na moja. Mara ya mwisho dada alifika hapa lakini hakufika. Meli ilifunga, watu wakashuka, yeye akaja hadi mlangoni na mizigo yake, akautazama ubao, akayatazama maji chini ya ubao, akasema hapana. Dada akisema hapana harudi nyuma. Tukazungumza kwa kupaziana sauti, yeye melini, mimi gatini, katikati yetu hatua tatu za maji. Aliniuliza kama ninakula. Akanirushia kifurushi cha fulana. Akalala melini, na kesho yake asubuhi akarudi kwake na meli ileile.

Siku hiyo nilimwahidi mbele ya watu kwamba nitamtengenezea daraja. Nilipaza sauti, maana ilibidi. Kila mtu alisikia. Ubao naye alisikia.

Huyu Ubao ni mkuu wa wapagazi hapa gatini, na jina hilo kapewa na kazi yake. Ana ubao mmoja, mpana shibiri mbili, uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia. Meli ikifunga anautandika kutoka mlangoni hadi gatini, anapanda kwenye ncha ya huku kwa miguu yote miwili, kisha anamwambia kila abiria: usitazame maji, nitazame mimi usoni. Basi. Hiyo ndiyo elimu yake yote, miaka ishirini. Na huo uso wenyewe si wa kumtazamisha mtu bila malipo.

Dada sasa ana miaka sitini na minane na nyonga ya kushoto imeacha kumtii. Amesema kwenye simu, kwa sauti ileile aliyokuwa akinituma nayo dukani, kwamba akishindwa safari hii hatajaribu tena. Tutasalimiana kwa simu mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kuna jambo jingine dogo. Dada anaamini kwamba mimi ni mkuu wa gati. Sikumdanganya. Nilimwambia mara moja tu, mtandao ulikuwa unakatikakatika, na tangu hapo sijapata nafasi nzuri ya kurekebisha. Ni kama miaka kumi hivi. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayedaka kamba ya meli na kuifunga kwenye nguzo. Kazi ya heshima kabisa. Lakini mama alipofariki dada ndiye aliyenilea, na aliacha shule ili mimi nisome. Mtu aliyeacha shule kwa ajili yako utamwambiaje kwamba umeishia kwenye kamba?

Kwa hiyo nimeamua. Daraja la kukunja! Lenye vishikio pande zote mbili. Ninalibeba kwapani, ninalikunjua, dada anateremka kama malkia, ninalikunja, ninaondoka. Ubao atabaki na ubao wake.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa fundi wa vyuma kutafuta bawaba. Nilimwambia ni kazi ya siri. Akasema anajua, ni daraja la dada yangu, Ubao alipita saa mbili asubuhi akamweleza. Mji huu hauna adabu.

Fundi ana bawaba nne nzito zilizotoka kwenye geti la ghala lililovunjwa. Aliniuliza daraja litainama upande gani. Nikamwambia chini, kwani kuna daraja linaloinama juu? Akasema hapana, anauliza ni upande upi utakuwa juu na upi chini, melini au gatini, kwa sababu bawaba ina mgongo na ina tumbo. Ukiipa uzito upande wa tumbo inajikaza. Ukiipa upande wa mgongo inajifunga kama daftari, na wewe ndani yake. Nikamwambia melini ndiyo juu, bila shaka. Meli ni kubwa kuliko gati.

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye moto wake. Watu wa vyuma hawana maneno mengi.

Bawaba ninazo. Mbao sina.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nimepima. Meli ilifika jana mchana, ikapakuliwa jana jioni, na leo asubuhi ilikuwa imetulia pembeni mwa gati, tupu, safi, hakuna wa kunisukuma wala wa kunikanyaga. Ndiyo saa ya mtu mwenye akili kufanya kazi. Nilitumia futi ya kupimia ya mke wangu, ambaye ni mshonaji. Ni fupi, kwa hiyo nilipima mara mbili na kujumlisha. Mlango wa meli uko juu ya gati kwa shibiri mbili kamili. Nilipima hilo mara tatu, maana dada ni dada.

Ubao alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Akaniuliza mbona napima saa hizi. Nikamwambia elimu haina saa. Akasema sawa, Mhandisi. Akanywa. Halafu akasema, kama anayejisemea, kwamba meli ya Ijumaa huja na saruji. Nikamwambia ninapima meli, sipimi saruji. Akasema sawa, Mhandisi.

Wivu ni ugonjwa. Nimemwona mtu mzima anatafuta la kusema mpaka anaangukia kwenye saruji.

Mchana tatizo la mbao limeisha lenyewe. Niliingia chumba cha wageni kutafuta nyundo, nikakiona kitanda. Mbao za mvule, nyoofu, nene, urefu uleule ninaoutaka. Aliyekitengeneza hakujua kwamba anatengeneza daraja. Nimekifungua taratibu, bila kupasua hata ubao mmoja, nikaegemeza godoro ukutani na kulifunika kwa shuka ili lisionekane limekaa vibaya.

Jumapili, 10 Mei

Ameona.

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa na la kujibu. Alisimama mlangoni pa chumba cha wageni na shuka safi mkononi, zile zenye taraza alizozishona tangu Jumatano kwa ajili ya wifi yake, akaniuliza mgeni atalala wapi. Nikamweleza kwamba kwanza mgeni lazima ashuke, na mgeni asiyeshuka hahitaji kitanda. Nadhani hoja hiyo ni nzito. Akasema watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini katika nyumba hii mgeni njoo, mwenyeji alale chini. Akaziweka shuka kwenye kabati akaenda zake.

Nimekaa na hilo jioni nzima. Sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa na kitanda kimoja, na dada ndiye aliyekuwa akilala upande wa dirisha lililovunjika, ili upepo umpate yeye kwanza. Hakuwahi kusema kwamba ni kwa sababu hiyo. Alisema anapenda hewa. Nilikuwa na miaka kama thelathini nilipotambua kwamba hakuna mtu anayependa hewa ya namna ile.

Basi acha nilale chini. Lakini ashuke.

Jumanne, 12 Mei

Meli imefika na mizigo yake. Kila mtu gatini anataka nijaribu daraja. Haiwezekani, rangi haijakauka. Nimelipaka buluu. Ubao alisema rangi ikikauka na meli itakuwa imekauka. Sikuelewa, na sikumpa furaha ya kumuuliza.

Nilidaka kamba vizuri. Hakuna aliyesifu. Mtu akidaka kamba vizuri miaka kumi na mitatu, watu huona kwamba kamba inajifunga yenyewe.

Jumatano, 13 Mei

Ushindi!

Asubuhi, kabla meli haijaondoka, nililibeba daraja hadi gatini. Ni zito kidogo kuliko nilivyotaka. Nilipumzika njiani mara nne. Nikalikunjua. Nikatia ndoana za daraja kwenye kizingiti cha mlango wa meli, nikashusha upande wa pili gatini. Meli tupu, shwari. Daraja likateremka vizuri kuja huku, ule mkunjo wa katikati ukajikaza wenyewe, likawa kitu kimoja. Nikapanda. Nikateremka. Nikapanda tena kinyumenyume. Mabaharia wawili walikuja kulijaribu na kulirukia kwa makusudi, halikutikisika.

Ubao alilikagua upande mmoja hadi mwingine kwa vidole. Akasema ni kazi nzuri ya mbao. Alisema hivyo kweli, naandika hapa kwa tarehe yake. Kisha akaongeza kwamba ni daraja zuri la Jumatano. Mtu huyu hawezi kusifu akamaliza.

Mke wangu naye alikuja, ameficha hasira zake ndani ya khanga. Akapita, akarudi, akakiri kwamba ni imara. Halafu akaniuliza: siku dada atakapokuja, meli itakuwa imebeba nini? Nikamwambia saruji, kama kila Ijumaa. Akauliza: na leo imebeba nini? Nikamwambia haijabeba kitu, si unaona. Akanitazama muda mrefu. Akasema miaka kumi na mitatu uko gatini, baba watoto. Nikamwambia ndiyo, kumi na mitatu, na hatimaye kuna mtu ameihesabu.

Alhamisi, 14 Mei

Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimelipaka daraja mafuta kwenye bawaba mara mbili. Nimenyoa. Nimejikata.

Suala la cheo limepata ufumbuzi. Bwana Gati, yaani mkuu wa gati mwenyewe, yule wa kweli, alileta koti lake la kazi kwa mke wangu juzi kubadilishwa vifungo. Koti la buluu iliyokolea, lenye mistari miwili begani. Limetundikwa kwenye chumba cha cherehani. Atalifuata Jumamosi. Bwana Gati na mimi vimo vyetu vinalingana, isipokuwa tumboni. Sitaliiba. Nitalivaa kwa muda wa hatua tatu za maji, kisha litarudi kwenye msumari wake.

Nimejitazama kwenye kioo cha wateja. Mke wangu hakuwepo. Sijui kama niseme hili, lakini hapa hakuna msomaji. Nilipoliona lile koti juu yangu nilisikia uchungu kidogo. Mtu aliyekuwa ndani ya kioo alifanana na yule ambaye dada amekuwa akizungumza naye kwenye simu miaka yote hii. Nilimwonea wivu. Amependwa sana, yule bwana.

Kesho.

Ijumaa, 15 Mei

Nitaandika kama yalivyotokea.

Saa sita na nusu meli ikaonekana. Nilikuwa gatini tangu saa tatu, nimevaa koti, daraja pembeni yangu limekunjwa. Mpango: mpagazi mmoja adake kamba badala yangu, mimi nisimame tu, mikono nyuma, kama mkuu wa gati. Mpagazi alikubali. Meli ikakaribia, baharia akarusha kamba, mpagazi akaitazama ikipita kichwani kwake kama ndege. Ikaanguka majini. Wakairusha tena. Akaikosa tena. Meli ikaanza kusukumwa pembeni na mkondo, watu melini wakaanza kunung'unika, na pale mlangoni nikamwona.

Amekuwa mdogo. Ndilo la kwanza nililoliona. Dada yangu amekuwa mdogo, ameshika fimbo kwa mkono mmoja na kishikio cha mlango kwa mwingine, na maji kati ya meli na gati yalikuwa yanaongezeka.

Nilivua koti nikalitupa. Kamba ya tatu niliidaka mimi, nikaizungusha kwenye nguzo mara tatu, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, meli ikaja. Yote hayo mbele ya macho yake. Nikafunga fundo. Kisha nikalivaa koti tena, mikono imejaa grisi, nikajiambia huenda hakuona vizuri kwa sababu ya umri.

Nikalikunjua daraja. Nikafika nalo kwenye ukingo, na hapo nikakutana na jambo la kushangaza. Mlango wa meli, ambao Jumatano ulikuwa juu ya gati kwa shibiri mbili, leo ulikuwa chini ya gati kwa shibiri mbili na zaidi. Meli za siku hizi hazina msimamo. Ubao alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa upole kabisa: saruji, Mhandisi. Sielewi kwa nini mtu akikosa la kusema lazima aingize saruji.

Niliamua kuendelea. Nikatia ndoana kwenye kizingiti, daraja likainama, ila sasa likainama kwenda melini badala ya kuja gatini. Daraja ni daraja, nikasema. Nikamwita dada, nikamwambia asiogope, ninakuja kumchukua mwenyewe. Nikapiga hatua ya kwanza, nikapiga ya pili. Nilipofika katikati bawaba zikalia, na daraja likajikunja kuelekea juu, na mimi ndani yake.

Sikuanguka majini. Hilo liandikwe. Nilikuwa nimebanwa, magoti kidevuni, ubao mmoja mgongoni na mwingine usoni, kama barua iliyokunjwa vibaya. Nilikuwa ninaning'inia juu ya maji na nilisikia gati zima limekaa kimya. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Kicheko kilikuja baadaye, hakikukosekana.

Ubao alinishika ukosi wa koti akanivuta kama anavyovuta magunia. Ukosi ukachanika. Nilipofungua macho, mtu aliyekuwa amesimama mbele yangu ni Bwana Gati. Alilitazama koti. Akanitazama mimi. Akasema vifungo vimeshonwa vizuri. Akaenda zake ofisini, na mpaka sasa sijui hilo lilikuwa na maana gani.

Ubao akaliweka daraja kando, akatandika ubao wake, abiria wengine wakashuka. Dada hakushuka. Alibaki mlangoni, fimbo imesimama mbele yake, anatazama chini kwenye maji. Niliujua mtazamo ule. Miaka kumi na moja nyuma ulikuwa uleule. Nilijua kinachofuata ni neno moja, na kwamba akilisema halirudishwi, na kwamba safari hii halitarudishwa mpaka kaburini.

Ubao akamwita mama, akamwamkia, akamwambia asitazame maji. Dada akamuuliza atazame nini basi. Nilisubiri Ubao aseme ule msemo wake. Hakuusema. Alinigeukia akasema: mimi usoni hanijui, simama wewe. Akashuka kwenye ncha ya ubao wake, ncha ambayo kwa miaka yangu yote kumi na mitatu sijamwona mtu mwingine akiikanyaga, akanisogeza hapo kwa mabega. Yeye akapiga magoti pembeni, akaukandamiza ubao kwa mikono miwili.

Nikasimama, na koti limechanika ukosi, grisi usoni, mikono nimeinyoosha. Dada akanitazama. Akauliza nani amenikata nywele. Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akasema inaonekana, akaweka mguu kwenye ubao. Akasema nimekonda. Mguu wa pili. Akasema kidevu kina nini, ninanyoa kwa panga? Baharia alikuwa nyuma yake amemshika kiuno, ubao unapanda, vijiti chini ya miguu yake kimoja kimoja, fimbo inagonga. Hakutazama chini hata mara moja. Alikuwa na mengi ya kunisema. Aliniuliza kama fulana alizonipa bado ninazo, na kabla sijajibu akasema hapana, najua, zimechakaa, nimekuletea nyingine. Alipomaliza kusema hivyo mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mkono wangu.

Mkono wake ni mwepesi sana sasa. Nimelia. Nilisema ni grisi imeingia jichoni.

Jumapili, 17 Mei

Dada analala kwenye kitanda chetu na mke wangu. Wanacheka mpaka ninawasikia kupitia ukutani. Mimi ninalala chumba cha wageni, juu ya daraja. Nimelitandaza sakafuni na kuweka godoro juu yake. Halijatikisika hata kidogo. Nimemwonyesha mke wangu kama ushahidi. Akasema ni kweli, lilikuwa kitanda kizuri tangu mwanzo.

Baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani, mimi na dada. Nikaamua kusema. Nilizunguka kidogo: nikaanza na mtandao, jinsi ulivyokuwa ukikatika miaka ile. Akanikatiza. Akasema siku ile ya kwanza, alipogoma kushuka, alikuwa amesimama pale mlangoni tangu meli iko mbali. Alimwona mtu amedaka kamba kwa mkono mmoja na kumpungia yeye kwa mkono wa pili. Alijua kazi yangu kabla hajanisikia sauti.

Nikamuuliza mbona miaka yote hii ananisikiliza nikimsimulia habari za ofisi. Za mikutano. Za karani wangu mvivu, ambaye hayupo duniani. Akasema nilikuwa ninafurahi nikisimulia, na yeye alikuwa anapenda kunisikia nimefurahi. Na yule karani amemzoea, anamuulizia.

Nilitazama miguu yangu. Akasema majirani zake wakimuuliza mdogo wake anafanya nini, huwaambia: yeye ndiye anayeshika meli isiondoke. Wote huona ni cheo kikubwa. Ijumaa ameona kwa macho yake kwamba hakusema uongo.

Akaniomba nimsugue nyonga na ile dawa yake ya chupa, nikaenda kuitafuta, nikakaa huko ndani muda mrefu kuliko dawa ilivyohitaji.

Jumatano, 20 Mei

Nimepata nguvu mpya. Dada atarudi kwake mwisho wa mwezi na kuja tena mwakani, ameahidi. Safari ijayo hatapita kwenye kijiti hata kimoja. Daraja jipya! Lenye paa, kwa ajili ya jua. Chumba cha wageni kina kabati ambalo halina kazi ya maana.

Nimefikiri sana kuhusu yaliyotokea Ijumaa ile, maana mtu asiyejifunza kwa makosa yake ni sawa na asiyekosea kabisa. Dada alipata moyo wa kupita kwa sababu aliliona daraja langu. Hilo halina ubishi. Kasoro ilikuwa ni bawaba. Bawaba za geti zimezoea kufungua na kufunga, haziwezi kuacha tabia. Nimemwambia fundi. Aliinama juu ya moto wake, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani ni moshi. Bwana Gati nimempelekea koti likiwa na ukosi mpya. Amesema nikilihitaji tena niombe.

Na nimempigia simu shemeji yetu wa mbali, mume wa binamu, kumweleza kwamba kuna mpango wa kuanzisha hapa gatini kitengo cha madaraja. Nilimwambia kwamba jina langu limetajwa. Mtandao ulikuwa mbaya.

Safari hii nimeanza na vipimo, kwa uangalifu. Meli ilifika jana, ikapakuliwa jioni, na leo asubuhi ilikuwa imetulia, tupu, hakuna wa kunisukuma. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria na mke wangu, wananitazama. Ubao akawaletea chai. Nilimsikia dada anamuuliza mke wangu: wifi, anapima saa hizi? Meli ikiwa tupu? Akataka kuniita. Mke wangu akamshika mkono. Akasema mwache wifi, tazama alivyofurahi. Wakarudi kwenye chai yao wote watatu.

Nilipima mara tatu, kwa ajili ya uhakika. Mlango wa meli uko juu ya gati kwa shibiri mbili kamili, vilevile kabisa kama mara ya kwanza. Kumbe sikuwa nimekosea.